Mkono wa kuchotea udongo Mirihi: kuchimba si kazi, kazi ni kumimina

Chombo kinachotua Mirihi kisha kikabaki palepale ni kama mtu aliyeketishwa mkekani akakatazwa kunyanyuka. Atakula kile tu ambacho mkono wake unakifikia. Mkono huo wa roboti, kijiko kilicho mwishoni mwake, na vifaa vya kukwangua, kuchekecha na kupimia kiasi, vyote kwa pamoja ndivyo vinavyoitwa vifaa vya kuchukulia sampuli za udongo. Kazi yao kuitamka ni fupi: chota, chekecha, mimina ndani ya maabara ndogo iliyofungwa juu ya chombo. Hiyo ya tatu ndiyo iliyowatoa watu jasho.

Kwanza neno lenyewe, udongo. Mkulima akisema udongo ana maana ya kitu chenye mboji, mizizi na wadudu. Mirihi hakuna hata kimoja. Kilichopo ni vumbi laini, mchanga na vipande vya miamba iliyosagika, na wanasayansi hupenda kuiita regolithi. Mimi nitaendelea kusema udongo, ila msomaji asiutafutie rutuba.

Jambo la pili ni kwamba mkono huu hauendeshwi kama mchezo wa kompyuta. Mawimbi ya redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 hivi kufika huko, kutegemea sayari hizi mbili zimekaribiana au zimeachana. Kwa hiyo wahandisi huandika maagizo ya siku nzima, wanayatuma, kisha wanasubiri picha zije ziwaonyeshe kilichotokea. Kijiko kikikwama saa tatu asubuhi ya huko, hakuna wa kukitikisa.

Waliofungua njia ni Viking 1 na Viking 2 za Marekani, mwaka 1976. Mkono wao ulitengenezwa kwa ujanja unaofanana na futi ya fundi seremala: tepe mbili za chuma zilizounganishwa kingo, zikikunjwa zinalala bapa kwenye gurudumu, zikitolewa nje zinavimba na kuwa bomba gumu la kufika mita 3 hivi. Mwishoni palikuwa na kijiko chenye mfuniko, na mfuniko ulikuwa na vitundu vya milimita 2. Ukikipindua juu chini na kukitetemesha, chembe ndogo hupita na kokoto hubaki. Kijiko na chekeche katika kitu kimoja.

Mkono wa Viking 1 uligoma siku za mwanzo kwa sababu ya pini ndogo ya kufungia iliyokataa kuanguka. Wahandisi waliagiza mkono utoke mbele zaidi, pini ikadondoka, na kamera ikaipiga picha imelala chini mchangani. Sampuli ya kwanza ilichotwa tarehe 28 Julai 1976. Viking 2 nayo ilitumia mkono wake kusukuma jiwe ili ichote udongo wa chini yake, ambao miale ya jua haikuwa imeuchoma.

Lakini anayetaka kuielewa shughuli hii vizuri aitazame Phoenix, iliyotua karibu na ncha ya kaskazini tarehe 25 Mei 2008. Mkono wake ulikuwa na urefu wa mita 2.35 na ulichimba vizuri kabisa. Juu ya chombo kulikuwa na matanuri manane madogo ya kuunguzia udongo hadi nyuzi 1,000 za Selsiasi na kunusa gesi zinazotoka. Kila tanuri lilikuwa na ukubwa wa mrija wa wino ulio ndani ya kalamu ya biki. Mlangoni paliwekwa wavu wenye matundu ya milimita 1, kuzuia mabonge yasiingie.

Mwanzoni mwa Juni kijiko kikamwaga mzigo wa kwanza juu ya wavu. Picha ikaja: udongo umekaa kitako pale juu, kama unga wa muhogo uliopata unyevu. Ndani hakikuingia kitu cha maana. Wavu ulitetemeshwa, kimya. Ukatetemeshwa tena siku iliyofuata, na nyingine. Kwenye jaribio la saba, tarehe 11 Juni, wakati watu wameshaanza kufikiria tanuri jingine, udongo ukapita na tanuri likajaa. Furaha ilikuwa na bei yake, maana baadaye iligunduliwa hitilafu ya umeme kwenye kifaa hicho, na mtetemo ule ule ndio ulioshukiwa.

Wakabadilisha namna ya kumimina. Badala ya kubwaga mzigo wote kwa mara moja, kijiko kiliinamishwa kidogo na kutetemeshwa polepole ili udongo udondoke kwa kunyunyiza, vile unavyotia chumvi kwenye kachumbari.

Barafu ikaleta kisa kingine. Chini ya sentimita chache za udongo palikuwa na tabaka gumu ambalo kijiko hakikuweza kulikwangua. Nyuma ya kijiko kulikuwa na tupa ya kuzunguka kwa kasi, na hiyo ilirusha vumbi la barafu moja kwa moja ndani ya kijiko. Kupata, walipata. Kumwaga sasa: sampuli yenye barafu iling'ang'ania kijikoni, mara mbili ikagoma kutoka. Iliyofaulu mwishoni mwa Julai ilikuwa imekaa hewani siku mbili, sehemu ya barafu yake ikapotea na kuwa mvuke, ndipo ikakubali kuteremka. Yaani ilibidi wapoteze kiasi cha kile walichokuja kukitafuta ili kilichobaki kiingie tanurini. Bado kilitosha: tanuri lilipopashwa moto, mvuke wa maji ukaonekana.

Maabara nyingine ya Phoenix iliuchanganya udongo na maji yaliyobebwa kutoka Duniani na kukuta chumvi ziitwazo perikloreti. Habari hiyo iliwarudisha watu kwenye majibu ya 1976. Matanuri ya Viking yalikuwa yametoa kemikali zenye klorini, wakati ule zikadhaniwa ni mabaki ya dawa za kusafishia vifaa. Perikloreti ikipashwa moto huharibu kemikali za kikaboni, zile ambazo uhai hujengwa nazo, na inaweza kuacha kemikali za namna hiyo hiyo, na mjadala huo haujafungwa.

Magari yanayotembea juu ya Mirihi nayo hutumia vifaa vya ukoo huo huo. Curiosity, iliyotua Agosti 2012, ilichota mchanga wa kwanza Oktoba mwaka huo na haikuupeleka maabara. Iliutikisa ndani ya mirija yake, ikaumwaga, ikarudia. Ni kusuuza chungu kwa chakula chenyewe: mchanga wa Mirihi ulisugua mabaki yoyote ya Duniani. Chekeche lake la chini lina matundu ya mikroni 150 (milimita 0.15), na kinachoingia kwenye tanuri ni kiasi cha nusu ya kidonge cha aspirini. Desemba 2016 mtambo wa kusukuma drili mbele uliharibika, na tangu 2018 mkono mzima ndio unaokandamiza drili kwenye mwamba, kisha drili inazungushwa kinyume ili unga udondoke wenyewe.

Nimesema kuchimba si kazi, na hapa nalazimika kukiri kwamba InSight itanibishia. Ilitua Novemba 2018 ikiwa na chuma cha kujigongomea chini, urefu wa sentimita 40, kilichotengenezwa Ujerumani na kupewa jina la fuko. Kilikusudiwa kufika mita 5 kupima joto la ndani ya sayari. Kwa kuwa kinajisukuma kwa kugonga, kinahitaji udongo ukibane ubavuni, la sivyo kila pigo hukirudisha kilipotoka. Udongo wa pale ulishikamana na kuacha shimo wazi badala ya kuporomoka na kukibana. Kijiko kikatumwa kukiegemea, kukikandamiza, kukifukia. Januari 2021 wakaacha, chuma kikiwa kimezama kwa shida urefu wake.

Kijiko kilichobaki bila kazi kikapewa nyingine. Mei 2021 vumbi lilikuwa limefunika paneli za jua, umeme unapungua. Wahandisi wakaagiza kijiko kichote mchanga na kuumwaga taratibu kando ya paneli wakati upepo unavuma. Chembe kubwa zikabebwa na upepo, zikarukaruka juu ya paneli na kuondoka na vumbi laini. Umeme ukapanda kwa takriban wati-saa 30 kwa siku.