Mwili unapoiyumbisha nafsi: chanzo kimoja cha imani potofu

Matabibu wa akili huita imani potofu lile jambo ambalo mtu analishikilia kwa dhati bila ushahidi, na halimtoki hata akionyeshwa kinyume chake. Wengi hudhani kilichoharibika ni fikra tu. Wakati mwingine, mwili ndio unaotangulia.

Kila wakati ubongo unapokea habari kutoka moyoni, tumboni, kwenye ngozi na misuli. Kwa habari hizo unajua kuwa mkono huu ni wako na kwamba ni wewe uliyeuinua. Hatuzitambui mpaka zikatike.

Mfikirie mgonjwa aliyepata kiharusi upande wa kulia wa ubongo. Mkono wa kushoto umepooza na hausikii kitu. Daktari anaunyanyua mbele ya macho yake na kumuuliza ni wa nani. Anajibu kuwa ni wa mumewe, au wa daktari mwenyewe. Ukimfuatisha kwa kidole mpaka begani, bado anaukana. Lakini kuna wagonjwa ambao, maji baridi yakimiminwa katika sikio la kushoto, huutambua mkono wao kwa muda, kisha wakaukana tena. Hoja hazikufua dafu. Kilichosaidia ni kuamsha viungo vya sikio la ndani vinavyoujulisha ubongo mwili umekaaje. Kwa hiyo anayemuuguza mtu kama huyu asibishane naye. Ni heri amuulize anahisi nini.

Mwaka 1880 daktari Mfaransa Jules Cotard alieleza habari za mwanamke aliyesema hana ubongo, hana kifua wala tumbo, amebaki ngozi na mifupa. Dhana moja ni kwamba hisia za ndani za mgonjwa wa aina hii hufifia mno, naye akahitimisha kuwa hayupo hai.

Katika skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, linaloyumba zaidi ni hisia ya kuwa wewe ndiwe mtendaji. Ukijitekenya hucheki, kwa kuwa ubongo umeshaukadiria mguso wako kabla haujafika. Kwa baadhi ya wagonjwa makadirio hayo hulegea: mkono unasogea, lakini hawahisi kuwa wao ndio waliousogeza. Ndipo husema kuna mtu anawaendesha.

Hata hivyo, mwili peke yake hautoshi. Wengi hupooza mkono bila kuukana, na kwa sababu hiyo baadhi ya watafiti hutaja kasoro ya pili: kudhoofika kwa uwezo wa kulipima wazo kabla ya kulikubali.