Tarantula ameumia au ameota uvimbe: maswali na majibu

Tarantula ni buibui mkubwa mwenye manyoya, na jike wa baadhi ya spishi huishi zaidi ya miaka 20. Katika umri mrefu hivyo ataanguka, atanasa mguu, au siku moja utamkuta ana nundu tumboni ambayo jana hukuiona. Madaktari wa wanyama wanaomjua buibui ni wachache, kwa hiyo uamuzi wa mwanzo mara nyingi unabaki kwa mfugaji mwenyewe.

Ameanguka, na tumbo linatoa maji yenye usamawati. Nianze na nini?

Hayo maji ni damu yake. Damu ya buibui hubeba oksijeni kwa protini yenye madini ya shaba, si chuma kama yetu, ndiyo maana haina wekundu. Haizunguki ndani ya mishipa iliyofungwa. Sehemu kubwa yake imejaa tu mwilini na kuvizunguka viungo. Tundu dogo linaweza kumkausha. Zaidi ya hapo, baadhi ya maungio ya miguu hayana misuli ya kunyoosha, na buibui huyanyoosha kwa msukumo wa damu hiyo. Ukiona miguu yote inajikunja chini ya mwili, jua maji yamepungua sana.

Mtie kwenye boksi dogo lililotandikwa tishu, penye utulivu. Gusisha ncha ya tishu kwenye kidonda ili ifyonze, usifute. Kisha nyunyiza konfulawa kidogo au unga laini wowote wa jikoni, usubiri ugande. Kama bado panavuja, paka mafuta ya mgando, na mwisho kabisa tumia tone dogo sana la supa gluu juu ya ngozi iliyokauka. Gundi isifike kwenye mdomo, kwenye maungio ya miguu, wala upande wa chini wa tumbo ambako kuna matundu manne ya mapafu. Tone likiwa kubwa, gamba la zamani litashikamana na jipya siku ya kujivua, na hapo utakuwa umemletea ajali ya pili.

Kisha mpe maji kwenye kisahani kifupi. Akiwa dhaifu hata kutembea hawezi, mlaze sehemu ya mbele ikigusa maji, tumbo likibaki pakavu: mdomo uko mbele, mapafu yako nyuma.

Mguu umekatika. Atakuwa kilema maisha yake yote?

Kwa kawaida hapana. Tarantula anaweza kuuachia mguu mwenyewe karibu na shina, na pale unapoachia pana namna ya kujifunga haraka. Mguu mpya hutokea atakapojivua gamba, mwembamba na mfupi mwanzoni, kisha hukua kwa kila gamba. Mtoto anayejivua kila baada ya wiki chache atarudi sawa upesi. Mkubwa anayejivua mara moja kwa mwaka, au chini ya hapo, atachukua muda. Dume aliyekwisha pevuka ni habari nyingine. Hatarajiwi kujivua tena, kwa hiyo ataishi na miguu iliyobaki, na hutembea nayo vizuri tu.

Mguu uliovunjika katikati na unaovuja ndio wa hatari kuliko uliong'oka. Zuia damu kama nilivyoeleza. Kuung'oa kwa kibanio ni kazi ya aliyewahi kuonyeshwa, usijifunzie kwa mgonjwa wako.

Nimpake dawa ya vidonda ya binadamu?

Usimpake. Spiriti, ayodini na krimu za viuavijasumu havikutengenezwa kwa mwili kama wake. Dawa za kuua viroboto na wadudu, hata zile za mbwa wako, ziwe mbali kabisa na chumba chake. Kemikali hiyo humuua yeye vilevile. Jambo jingine linalosahaulika: ondoa nyenje na mende walio hai uliomwekea kama chakula. Tarantula aliyejeruhiwa au anayejivua hawezi kujitetea, na nyenje mwenye njaa humtafuna.

Ameota uvimbe tumboni. Ni saratani?

Uvimbe wa saratani kwa tarantula ni nadra sana kuripotiwa, kwa hiyo tafuta kwanza sababu zilizo karibu. Je, aliwahi kuanguka au kuchomwa na kitu? Ngozi iliyolegea mahali hapo inaweza kusukumwa nje na damu, mfano wa ngiri. Je, uvimbe uko kwenye njia ya haja, na ni siku nyingi hajatoa kinyesi? Huenda njia imeziba. Je, alikamatwa porini? Baadhi ya nzi wana mabuu ambayo hukulia ndani ya tumbo la buibui, na hayo hutambulika yakishakomaa tu.

Na kuna lisilo ugonjwa hata kidogo. Tarantula wengi wa bara la Amerika hupangusa manyoya ya tumbo kwa miguu ya nyuma wakitishwa, wakabaki na kipara cha rangi ya ngozi. Siku za kujivua zikikaribia, kipara hicho hugeuka cheusi na tumbo huvimba lote kwa pamoja. Mfugaji mgeni huona doa jeusi, akashikwa na hofu. Hapo hakuna la kutibu.

Nundu ya upande mmoja ipige picha leo, weka rula kando yake, na urudie kila wiki. Usiitoboe. Nasisitiza hili kwa sababu kidole kinawasha kutoboa kila kinachofanana na jipu: ndani hakuna usaha wa kukamua, kuna damu yenye msukumo, na ukifungua tundu huenda usiweze kulifunga. Nundu iliyo kwenye gamba lenyewe inaweza kuondoka nalo. Iliyo ndani hubaki, na ikikua kwa haraka huweza kumnasa wakati wa kujivua. Hiyo ndiyo ya kupeleka kwa daktari mapema.

Mdomoni pana utando mweupe na hataki kula.

Mtenge leo hii. Inaweza kuwa minyoo midogo ya nematodi. Spishi moja iliyoelezwa mwaka 2022 kutoka kwa tarantula waliofugwa California, Tarantobelus jeffdanielsi, hufanya hivyo hasa: mnyama huacha kula, chonge zikashindwa kufanya kazi, akafa polepole. Tiba ya uhakika haipo. Linda wengine: vibanio, visahani na udongo wake visiguse vizimba vingine.

Daktari anaweza kumpasua?

Anaweza. Hulazwa kwa nusukaputi ya gesi, kwa kawaida isofluraini, ndani ya kisanduku kilichofungwa. Mpigie daktari kabla ya kwenda, uliza kama amewahi kushughulika na wanyama wasio na uti wa mgongo. Nenda na zile picha za kila wiki, na gamba la mwisho kama unalo.

Mweleze pia jina la spishi, kwa usalama wa mikono yake na yako. Wa Amerika wenye manyoya ya kuwasha wanahitaji glavu na miwani, maana manyoya hayo huchoma jicho vibaya. Wa Afrika hawana manyoya hayo, ila huuma upesi. Pterinochilus murinus, yule wa rangi ya machungwa anayehusishwa na Usambara na anayepatikana Kenya na Tanzania, huacha maumivu makali na misuli kukakamaa. Huyo usimshike hata akionekana mahututi. Msukumie kikombe, ufunike.