“Inatoka na mkojo”

Wiki hii nimeambiwa tena kuhusu vidonge vinavyomezwa kwa ajili ya nywele: “Biotini ni vitamini tu, ikizidi inatoka na mkojo.” Kutoka inatoka. Lakini kabla haijatoka imo kwenye damu, na damu hiyo ndiyo ninayoletewa maabara niipime.

Kazi yake mwilini naipitia mbio. Inashikamana na vimeng'enya vitano vya kaboksilesi, vinavyosaidia kujenga mafuta, kutengeneza glukosi mpya na kuvunja baadhi ya asidi amino. Mtu mzima anatoshwa na maikrogramu 30 kwa siku. Upungufu ni nadra: aliyezaliwa na kasoro ya biotinidesi (kimeng'enya kinachouwezesha mwili kuitumia tena biotini), au anayekula ute mbichi wa yai kwa muda mrefu, maana avidini, protini iliyomo, huikamata biotini. Hao nywele hunyonyoka kweli, na biotini huwasaidia. Kwa asiyepungukiwa, ushahidi ni hafifu mno.

Kuna dada alikuja na majibu ya tezi dundumio, ile ya shingoni: TSH (homoni ya ubongo inayoiamuru tezi) chini, T4 (homoni ya tezi yenyewe) juu. Kwa karatasi ile, tezi yake inafanya kazi kupita kiasi. Lakini mikono imetulia, mapigo ya moyo 72, uzito uleule. Nikamuuliza anameza nini. Akatoa kopo mkobani: biotini, maikrogramu 10,000 kila kidonge.

Vipimo vingi, si vyote, hufanya hivi: kingamwili mbili huibana TSH katikati, na moja imebeba biotini inayonasa kwenye chembe zilizopakwa streptavidini, protini inayoikamata biotini. Biotini ya kidonge ikijaa kwenye sampuli, inawahi nafasi zile, TSH inaoshwa na kumwagwa, mashine inasoma ndogo. Kwenye T4 mambo ni kinyume: mwanga ambao mashine inausoma ukipungua, inahesabu homoni nyingi. Yaani makosa mawili yanatoleana ushahidi! Hapo hata daktari makini ananaswa.

Troponini, kipimo cha mshtuko wa moyo, nayo hubanwa kama TSH. Mwaka 2017 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo, ikitaja kifo cha mgonjwa aliyetumia biotini nyingi na troponini yake ikasomeka chini kuliko ilivyokuwa. Hilo linaninyima raha, kwa kuwa nimesaini majibu mengi bila kuuliza habari za vidonge, na namba ya uongo haina alama usoni.

Yule dada nilimwambia aache vidonge siku tatu. Mwenye figo dhaifu ningempa siku zaidi. Tukamtoa damu upya. TSH ilisoma 1.8, ya kawaida, na dawa ya tezi aliyokwisha kuandikiwa hakuinywa.