Kontroli boksi ya nozeli: kazi yake na kinachoiua

Fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikwambia kontroli boksi imekufa, muulize kwanza ni ipi. Kwenye Hiace au Prado ya dizeli yenye injini ya 2KD au 1KD, ziko mbili. Ya kwanza ni kompyuta ya injini, ECU, inayopiga hesabu. Ya pili ni EDU, kisanduku kinachopokea amri ya kompyuta na kuigeuza iwe stima kali ya kufungua nozeli, yaani kile kinachopuliza dizeli ndani ya silinda. Magari mengine yana kazi hizo mbili ndani ya kisanduku kimoja, na hapo bei ya kosa hupanda.

Injini ya dizeli haina plagi ya kuichomea mafuta. Hewa inabanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa moto, dizeli inapulizwa, inawaka yenyewe. Kwa hiyo anayeamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani ndiye anayeiendesha injini. Kwenye 1HZ ya Land Cruiser kazi hiyo hufanywa na pampu yenyewe, kwa chuma na springi, na ndiyo sababu watu wanaoshinda barabara za Turkana na Marsabit hawataki kusikia habari ya injini nyingine.

Kwenye mfumo wa komoni reli, pampu hujaza mrija mmoja mnene kwa presha inayoweza kupita bar 1,500, na nozeli zote hunywa humo. Chukua injini ya silinda nne inayozunguka mara 2,000 kwa dakika. Kila nozeli inapuliza mara 1,000 katika dakika hiyo. Zote nne ni mara 4,000, yaani kama 67 kila sekunde, kabla hujahesabu ule mpulizo mdogo wa kutangulia unaopunguza kugonga kwa injini. Kila mpulizo mkuu huchukua milisekunde moja au mbili hivi.

Volti 12 za betri haziwezi kasi hiyo. Koili ya nozeli hupinga mkondo unaoingia ghafla, na vali ingechelewa kunyanyuka. EDU hupandisha volti hizo hadi karibu 100 na kuziweka kwenye kapasita, sawa na tangi la juu ya ploti linalojazwa polepole na mfereji wa kaunti, kisha ukifungua bomba maji yanashuka kwa nguvu. Vali ikishafunguka, mkondo hupunguzwa mpaka kiasi cha kuishikilia tu, koili isiungue. Halafu EDU huirudishia kompyuta jibu kwamba kazi imefanyika. Jibu lisipofika, kompyuta huandika namba ya kosa, mara nyingi P0200, na injini inaweza kukosa nguvu, kuzima, au kuzungushwa na stata bila kuwaka.

Kinachoiua mara nyingi ni betri chovu, na wenye magari wengi hawaamini. Tuseme kisanduku kinahitaji wati 120. Kwa volti 12 kitavuta ampea 10. Betri ikishuka hadi volti 9, kitavuta zaidi ya ampea 13 ili kupata wati zile zile, na joto kwenye waya na maungio hukua kwa mraba wa mkondo: linaongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Fanya hivyo kila asubuhi ya baridi ya Julai, ongeza mtikisiko wa barabara, na lehemu inaanza kupasuka. Ukifungua kisanduku na kukitazama kwa lenzi, unaweza kuona duara jembamba jeusi limezunguka mguu wa koili: hapo mguu umeachana na bodi ya saketi. Gari litakataa likiwa baridi na kukubali likipata moto, au kinyume chake. Marekani wanayajua haya kutokana na Ford zenye Power Stroke ya lita 6.0, ambayo kisanduku chake hutoa volti 48. Mafundi huko hupima volti hizo kabla ya kugusa kitu kingine.

Maji nayo yamo. Ukipeleka gari kuoshwa, mwambie kijana asielekeze mpira wa presha kwenye soketi za injini. Kulehemu bodi ya gari bila kutoa waya za betri, au kugeuza waya za jampa, huua transista papo hapo.

Lakini boksi husingiziwa sana. Mafuta yaliyochanganywa na mafuta taa hukosa ulaini wa kulinda pampu; pampu ikisagika, chembe za chuma huingia kwenye nozeli. Serikali ya Kenya iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta taa mwaka 2018 kwa sababu ya mchezo huo. Dalili zinafanana: gari halina nguvu, linamisi, haliwaki. Kosa la P0087 linasema presha ya reli ni ndogo, na hapo unaanza na filta na pampu. P0201 hadi P0204 zinataja silinda moja moja, kwa hivyo kagua waya na koili ya nozeli hiyo. P0200 ndiyo inayokupeleka kwenye EDU, na hata hapo pima kwanza betri wakati stata inazunguka, fyuzi, relei na waya wa arthi unaofungwa kwenye bodi ya gari.

Nozeli iliyopiga shoti ipimwe kabla ya kufunga boksi jipya, maana itaunguza na hilo. Na mkono usiguse waya za nozeli injini ikiwaka. Volti 100 si mchezo.

EDU iliyotoka Japani kwa kawaida hufungwa na kazi inaendelea, mradi namba zake zilingane na za ile ya zamani. ECU ni shughuli nyingine: inajua funguo za gari na namba maalumu (kodi) za nozeli zake, kwa hiyo ya kununua kaunta huhitaji kuandikwa upya kwanza.