Reli bila kokoto: kazi yote iko kabla zege halijashika

Reli nyingi tunazozijua zimekaa hivi: tuta, juu yake kokoto sentimita 30 hivi, juu ya kokoto mataruma (vile vipande vya zege au mbao vinavyolaziwa na reli), alafu reli yenyewe. Mfumo mzuri na umetubeba miaka mingi, shida ni kwamba kokoto hazitulii. Kila treni ikipita zinasuguana, kingo zinalika, vumbi lake linaziba njia za maji, mwisho reli inaanza kupinda kidogo kidogo, basi inaletwa mashine ya kushindilia, na hiyo mashine nayo ikishindilia inazivunja zaidi. Kwa treni za 300 km kwa saa hii kazi haina mwisho, na unaifanya usiku tu.

Wajapani waliliona hilo mapema. Tokaido Shinkansen, njia yao ya kwanza ya treni za kasi ya 1964, ilijengwa kwa kokoto, ila njia iliyofuata, Sanyo, ilipofika mji wa Hakata mwaka 1975 sehemu kubwa ya kipande kile kipya ilikuwa slabu za zege, yani mabamba ya zege badala ya kokoto. Wajerumani nao walijenga kipande chao kwenye stesheni ya Rheda mwaka 1972, ndo kilichozaa mfumo unaoitwa Rheda 2000, na huo ndo nataka kuuelezea maana ukiuelewa huo mingine haikusumbui.

Wengi wanadhani unamwaga zege, likikauka unafunga reli juu. Ipo mifumo ya hivyo, ila Rheda 2000 inaanza na reli, zege linafuata. Chini kunakuwa na tabaka la kokoto zilizochanganywa na saruji kidogo, sentimita 30. Juu yake mnapanga mataruma, kila taruma ni vipande viwili vya zege vilivyounganishwa na nondo zilizoachwa wazi, kutoka taruma hadi taruma sentimita 65, mnapitisha nondo ndefu katikati, mnafunga reli, alafu mzigo wote huo unanyanyuliwa na kusimamishwa juu ya boliti za kuzungusha. Yani reli iko pale itakapokaa miaka 60 lakini chini yake hamna kitu, ni hewa na nondo.

Hapo ndo sarveya anakuwa bosi wa saiti. Kitoroli chenye prisma (kioo cha kurudisha mwanga) kinasukumwa juu ya reli, totalstesheni, kile kipimo cha sarveya cha pembe na umbali, inasoma, fundi na spana yake anazungusha boliti robo, wanasoma tena. Tunaongelea nusu milimita. Mi nasisitiza vipimo vya mwisho vichukuliwe jioni au alfajiri, jua likiwaka upande mmoja reli inajipinda na vipimo vyako vyote vinakuwa vya uongo.

Zege linamwagwa kutoka upande mmoja mpaka ulione linatokea upande wa pili wa taruma, ukimwaga pande zote mbili unafungia hewa chini na taruma linabaki na uwazi ambao hutauona. Vaibreta, ile mashine ya kutikisa zege litoe hewa, isiguse reli wala taruma.

Alafu kuna saa chache baada ya kumwaga ambazo kwangu ndo roho ya kazi yote. Zege likianza tu kushika lazima boliti zilegezwe na vibanio vya reli vifunguliwe. Kwanini? Reli ya mita 100 ikipata joto la nyuzi 20 zaidi inarefuka kama milimita 23. Ikiwa bado imebana mataruma itayavuta, na zege changa litaachana na taruma. Ukichelewa umeharibu, ukiwahi sana mataruma yanazama. Kwahiyo mtu wa kukaa na zege lile hadi muda ufike ni lazima awepo hata iwe saa nane usiku, na asiwe kibarua aliyechoka.

Nyufa ndogo ndogo zitatokea, hizo zisikutishe, nondo zimewekwa ili ziwe nyingi na nyembamba. Cha kuogopa ni ardhi. Reli ikizama, vifungio vinakupa nafasi ya kuipandisha milimita 20 na kidogo, ikizidi hapo umeingia kwenye matengenezo makubwa. Ndo maana Waholanzi kwenye HSL-Zuid, njia yao ya treni za kasi, ambako udongo ni laini sana, waliweka slabu juu ya nguzo zilizopigwa chini ardhini. Taiwan huko Yunlin ardhi inazama kwa sababu ya watu kuvuta maji ya visima, mpaka serikali ikafunga visima virefu karibu na reli.

Joto nalo lisidharauliwe. Wachina kwenye mfumo wao wa slabu uitwao CRTS II waliunganisha slabu mfululizo bila kuacha nafasi, wakati wa kiangazi baadhi zikavimba na kunyanyuka, kwenye mfumo uliofuata, CRTS III, wakarudi kwenye slabu zilizoachana.

Sasa kuna watu wanadai SGR ya Tanzania ingejengwa hivi. Sikubaliani. Ile ni 160 km kwa saa, kokoto zinaimudu kabisa, Wafaransa mwaka 2007 walifika 574.8 juu ya kokoto. Tuta jipya bado linajikaza, mvua zetu mnazijua, na kokoto likishuka unashindilia, asubuhi treni inapita. Hela ya slabu mi ningeipeleka kwenye mitaro na makalavati kwanza, slabu ningeiweka ndani ya mahandaki tu, ambako chini ni mwamba na kuingiza mashine ya kushindilia ni tabu.