Filamu za mimea na mionzi ya simu: maswali tunayoulizwa

Filamu hizi ni kitu gani?

Ni stika za kubandika simu zinazodaiwa, kwa vipimo vya maabara, kuzuia mionzi yake, yaani mawimbi ya redio. Kila moja ni utando mwembamba wa malighafi ya mimea, mara nyingi selulosi (nyuzinyuzi za mmea) au wanga, uliochanganywa na kitu kinachopitisha umeme: grafiti, unga wa kaboni, au nyuzi laini mno za fedha. Mmea wenyewe hauzuii kitu. Selulosi kavu haipitishi umeme, hivyo mawimbi ya redio huipenya kama karatasi. Kazi yote inafanywa na huo mchanganyiko. Ukiona stika inasifiwa kuwa ni majani matupu, anza kuitilia shaka hapo hapo.

Kwa hiyo vipimo vya maabara ni uongo?

Hapana. Kinga hupimwa kwa desibeli, na utando wenye desibeli 20 hupitisha asilimia 1 tu ya nguvu ya wimbi. Lakini katika kipimo hicho utando huziba njia yote kati ya kifaa kinachorusha na kinachopokea. Simu huwezi kuiziba hivyo. Ukiifunika kila upande, haipatikani. Stika ndogo ya mgongoni huacha mawimbi yatokee pembeni, na ikiangukia juu ya antena, simu huongeza nguvu ili iufikie mnara. Umelipia kinga, umepata mionzi zaidi! FTC, tume ya Marekani inayolinda wanunuzi, imewahi kuwaonya wanunuzi kuhusu jambo hili.

Mionzi yenyewe inadhuru?

Haina nguvu ya kuvunja DNA kama eksrei. Athari iliyothibitishwa ni kupasha tishu joto, na viwango vinavyoruhusiwa vimewekwa ili joto hilo lisifike pa kudhuru. Mwaka 2011 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka mionzi hii kundi la 2B, yaani huenda ikasababisha saratani, kwa ushahidi mdogo. Si hukumu, lakini si neno la kupuuza pia.

Nikitaka kuipunguza?

Iweke simu mbali na kichwa. Tumia spika au vipokea sauti vya masikioni; sentimita chache tu zinapunguza sana. Mtandao ukisoma kijiti kimoja, kama ndani ya lifti, ahirisha maongezi marefu au tuma ujumbe.

Basi filamu hizi hazina faida?

Zinayo, ila si ya kukinga kichwa. Zinafaa ndani ya vifaa, kuzuia sehemu moja ya kielektroniki isiivuruge nyingine, na watafiti wanazipenda kwa kuwa ni nyepesi kuliko bati la chuma.