Kiungo ulichomtumia mtu mmoja si cha mtu mmoja

Wengi huamini kwamba ukimtumia mshirika wa biashara kiungo cha faili la mtandaoni, ni yeye tu atakayelifungua. Sivyo. Ukichagua "yeyote mwenye kiungo", mfumo hauulizi jina wala nywila. Kiungo chenyewe ndicho ufunguo. Akikibandika kwenye kundi la WhatsApp, kundi zima limeingia, na aliyeacha kazi mwaka jana bado anaingia. Linaloniumiza zaidi ni historia ya marekebisho: unafuta safu ya mishahara, unaona nafasi tupu, kumbe mwenye ruhusa ya kuhariri anarudi kwenye toleo la jana na kuisoma yote. Ruhusu wahusika kwa anwani zao za barua pepe, mmoja mmoja, na uwape nakala mpya isiyobeba historia hiyo.